Nguo Zimefika Salama

Mwaka huu nimesoma riwaya kadhaa, diwani mbili, na wasifu mmoja mnene ambao bado sijaumaliza. Lakini maandishi niliyoyarudia mara nyingi kuliko yote ni mistari tisa iliyochapwa nyuma ya risiti ya kutumia mzigo kwa basi. Herufi zake ni ndogo kiasi kwamba mama yangu, hata akivaa miwani, haoni kitu ila vumbi la bluu. Mwandishi wake hajatajwa. Hata hivyo, kama fasihi ni maneno yenye uwezo wa kugeuza maisha ya watu, basi mistari ile ni fasihi, na katika familia yetu imeshafanya kazi yake.

Mstari wa tano, kwa maneno yangu, unasema kampuni haiwajibiki kwa fedha taslimu, vito, dhahabu, nyaraka muhimu, simu na vitu vingine vya thamani. Wa sita unasema mzigo ukipotea, fidia haitazidi mara chache ya nauli uliyoulipia. Wa tisa unasema kwa kuipokea risiti hii mteja amekubali masharti yote. Hebu utazame ufundi huo. Hujatia sahihi, hujasoma, umepokea karatasi kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukitafuta chenji, na tayari umeshakubali.

Najua hapa tumezoea kuzungumza vitabu. Nivumilieni kidogo, vitabu vitakuja.

Mpwa wangu aliolewa Mwanza. Mama yuko Tanga, na magoti yake hayamruhusu tena kukaa ndani ya basi hadi Dar, seuze safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Lakini alikuwa na kidani cha dhahabu alichoachiwa na mama yake, na ahadi ilikuwa ya siku nyingi: mjukuu wa kwanza wa kike atakayeolewa ndiye atakayekivaa. Kidani kilikuwa na gramu 31. Tunajua kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo sonara alikipima alipokibadilisha kishikizo. Ukikiuza, ungenunua pikipiki mpya na ukabaki na chenji. Lakini nani angekiuza?

Msomaji atauliza: kwa nini hamkumpa mtu? Hakukuwa na mtu. Ndugu waliokuwa wakienda harusini walitokea Dar na Dodoma, na mimi nilikuwa nimeshatangulia Mwanza kwa maandalizi. Kwa hiyo mdogo wangu akakipeleka ofisi ya vifurushi. Huyu ni mtu wa taratibu, mtu wa kuhesabu chenji mara mbili na kusoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Alikitia kidani katika kopo dogo la mafuta ya nywele lililooshwa, akalizungushia khanga, khanga akazitia katika boksi pamoja na kitenge na baibui, boksi akalifunga kwa selotepu pande zote. Kisha akafanya jambo ambalo wengi hatulifanyi. Akauliza.

"Humu kuna dhahabu," alimwambia karani kwa sauti ya chini. "Naandikaje?"

Karani akatupa jicho kwenye foleni, akainama kidogo. "Kaka, andika nguo. Ukiandika dhahabu, kwanza hatuupokei. Na hata ukipokelewa, hapo umewaita wezi kwa majina yao."

Akaandika nguo.

Simlaumu karani yule. Aliyoyasema yalikuwa ushauri wa mtu anayeijua njia. Mzigo ukitoka mikononi mwake unapokelewa na kijana anayeupeleka kwenye buti, kondakta anaujua kwa namba tu, njiani unaweza kuhamishiwa basi lingine, unalala ghalani, unashushwa na makuli, unafika kwa karani mwingine ambaye anampigia simu mpokeaji. Hesabu mikono hiyo. Kila mmoja anasoma kilichoandikwa juu ya boksi. Mzigo wenye neno "dhahabu" ungepita mbele ya macho yao wote kama bibi harusi.

Nilikuwepo lilipofunguliwa. Jambo la kwanza lililonishtua ni khanga: zilikuwa zimekunjwa vizuri. Mama hukunja khanga kwa haraka, pembe hazikutani. Hizi zilikuwa zimenyooka kama za dukani. Kopo la mafuta ya nywele lilikuwemo, kifuniko kimekazwa. Ndani hakukuwa na kitu. Selotepu, tulipoitazama kwa makini, ilikuwa ya aina mbili, mpya juu ya ile ya mdogo wangu.

Tukaandika barua ya malalamiko. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, mafupi, yenye adabu. Mzigo ulioandikishwa ulikuwa nguo. Nguo zimefika salama. Suala limefungwa.

Polisi nao walikuwa na swali moja tu: mna uthibitisho gani kwamba kidani kilikuwemo? Tulikuwa na risiti. Risiti ilisema nguo.

Mpwa wangu alivaa kidani cha kuazima, akapendeza, picha zikapigwa. Mama alipoambiwa kwa simu alinyamaza kwa muda, kisha akasema mali ya dunia hubaki duniani, na la muhimu ni ndoa. Tukadhani yameisha. Miezi miwili baadaye, tukiwa tunachambua mchele pale barazani kwake, aliuliza bila kuinua uso: "Sasa nani anakivaa?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilichofanya ni kuanza kusoma sheria za uchukuzi, kazi ambayo simshauri mtu yeyote kuifanya usiku.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba sheria ya uchukuzi inajua kusoma kitu kimoja tu, nacho ni mizani. Chukua usafiri wa ndege wa kimataifa, ambako mambo yameandikwa wazi. Mkataba wa Warsaw wa 1929 uliweka kikomo cha fidia ya mzigo kuwa faranga 250 kwa kila kilo. Ukaja Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zote ni wanachama, ukaweka SDR 17 kwa kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, na moja yake huwa zaidi kidogo ya dola ya Marekani. Kikomo hicho hupandishwa mara kwa mara kufuata mfumuko wa bei, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 26, yaani kama dola 35 kwa kilo.

Kwa kilo, siyo kwa kitu. Mbele ya mkataba ule, kilo ya dagaa, kilo ya dhahabu na kilo ya mswada wa riwaya iliyoandikwa kwa miaka kumi ni ndugu wa tumbo moja. Kidani cha bibi, kama kingesafiri peke yake kwa ndege kwenda nje bila tamko lolote, kikomo cha fidia yake kingekuwa kama dola moja ya Marekani. Basi la Tanga halimo katika mkataba huo, lakini risiti ya basi imeurithi moyo wake: fidia hufuata nauli, nauli hufuata uzito na ukubwa, na thamani haina pa kukaa.

Kuna mlango mmoja ulioachwa wazi. Mkataba unasema kikomo hakitumiki ikiwa mtumaji alitoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi mzigo, na akalipa nyongeza pale inapotakiwa. Kwa Kiswahili cha stendi: sema ukweli, ulipie ukweli wako, ndipo utalipwa kwa ukweli.

Wazo hilo ni la zamani kuliko ndege. Mwaka 1830 Uingereza ilipitisha sheria ya wachukuzi wa nchi kavu, enzi za magari ya farasi yaliyobeba abiria na vifurushi. Wenye magari walikuwa wakilia kwamba mtu anawapa kifurushi kidogo, kumbe ndani kuna utajiri, kikipotea wanafilisika. Sheria ikasema: kwa vitu fulani, thamani ikizidi pauni 10, mchukuzi hawajibiki isipokuwa mtumaji ameitaja thamani na kukubali kulipa zaidi. Orodha yake ningeweza kuisoma kwa sauti kama utenzi: dhahabu na fedha, vito, saa, noti za benki, hati za mali, ramani, maandishi, picha, vioo, hariri, lesi. Ona kwamba maandishi yamo pamoja na dhahabu. Watunga sheria wale walijua kuwa karatasi inaweza kuwa hazina.

Lakini sheria ile iliweka na sharti kwa upande wa pili. Mchukuzi anayetaka nyongeza ni lazima abandike ofisini, mahali pa wazi panapoonekana na watu, kwa herufi zinazosomeka, tangazo la viwango vyake. Kwa herufi zinazosomeka! Karibu miaka mia mbili iliyopita mtu aliona kwamba huwezi kumfunga mteja kwa maneno asiyoweza kuyaona. Siku hizi namfikiria mtu huyo kila ninapoigeuza risiti yetu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichotupata. Wengi wakisikia kisa chetu husema mojawapo ya mambo mawili. Wa kwanza husema: mngetaja, mngelipwa. Wa pili husema: afadhali hamkutaja, wangeiba mapema zaidi. Wote wanadhani kusema na kunyamaza ni njia mbili na lazima uchague moja. Historia ya almasi inaonyesha vingine.

Mwaka 1905, katika mgodi wa Premier huko Transvaal, Afrika Kusini, iliokotwa almasi ya Cullinan, kubwa kuliko zote za kiwango cha vito zilizowahi kupatikana, karati 3,106, zaidi ya nusu kilo. Ilipaswa kwenda London. Wapelelezi wakapandishwa melini, kasha likafungiwa kwenye sefu ya nahodha, likalindwa safari nzima. Kasha lile lilikuwa danganyatoto. Almasi yenyewe ilikwenda katika kijiboksi cha kawaida, kwa posta ya rejista. Mwaka 1908, ilipotakiwa kupelekwa Amsterdam kukatwa, meli ya jeshi la majini la Uingereza ilibeba kasha tupu kuvuka bahari, huku Abraham Asscher, wa kampuni ya wakataji, akisafiri na jiwe mfukoni mwa koti lake.

Miaka hamsini baadaye, Novemba 1958, sonara wa New York aitwaye Harry Winston aliitoa almasi ya Hope kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Aliituma kwa posta, imefungwa kwa karatasi ya kaki kama mtu anayemtumia shangazi yake kofia. Karatasi ile imehifadhiwa hadi leo, na stempu zake zinasomeka. Gharama yote ilikuwa dola 145.29. Kati ya hizo, ada ya kusafirisha ilikuwa dola 2.44. Zilizobaki, dola 142.85, zilikuwa za bima ya kama dola milioni moja.

Hebu tuzitazame namba hizo mbili kwa pamoja, maana kwangu ndizo zenye somo. Kuibeba almasi ile kutoka mji hadi mji ilikuwa kazi ya dola mbili na ushei. Gharama kubwa ilikuwa ya kutamka: kumwambia mwenye dhamana kilichomo, naye akaandika kwamba amesikia. Winston alinyamaza kwa nje, akasema kwa ndani. Mikono yote ya njiani iliona kaki, ila daftari la posta lilijua almasi. Hakuchagua kati ya kusema na kunyamaza. Alinunua vyote viwili.

Sisi tulinyamaza kwa nje na tukalazimika kunyamaza kwa ndani pia. Ofisi ile haikuwa na kisanduku cha kuandika thamani, haikuwa na bima, haikuwa na chumba cha pembeni ambamo mdogo wangu angefungua kopo mbele ya mtu mmoja mwenye dhamana, wakapima, wakafunga kwa lakiri, wakaandika namba. Ilikuwa na dirisha, foleni, na ushauri wa kunong'ona. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema tulidanganya kwa kuandika nguo, huwa namuuliza: ukweli wetu tungeuandika mstari gani?

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Mfumo huu wa mabasi ndio unaoishikilia nchi. Dawa za mgonjwa aliyeko wilayani husafiri kwa basi. Vipuri vya trekta, vyeti vya kidato cha nne, dagaa wa Mwanza, viungo vya Zanzibar, sare za shule, pesa za mahari zilizoshonewa kwenye mto, vyote hivyo hupita katika yale mabuti, na vingi hufika. Hufika kwa sababu makarani na makondakta walio wengi ni waaminifu, wala siyo kwa sababu ya mstari wa tano. Tunaishi kwa uaminifu wa watu ambao karatasi haiwalazimishi kuwa waaminifu. Ni jambo zuri, na ni jambo la kutisha, maana siku likikatika hakuna chini yake kitu cha kukudaka.

Sasa vitabu.

Kuna mizigo ambayo hata bima ya Winston isingeitosha. Miaka ya 1930, Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na fundi wa kuchonga, alikuwa akinakili tenzi kwa mkono kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, akiwemo William Hichens. Baadhi ya hati na barua zake ziko London leo, katika maktaba ya SOAS. Kila ninaposoma juu ya Kijuma nawaza ule mwendo: kutoka kisiwani Lamu, baharini, hadi Uingereza. Ungekuwa karani wa posta ya siku zile, ungeandika nini kwenye kisanduku cha thamani? Karatasi, wino, gramu kadhaa. Ikipotea, unamlipa nini mtu ambaye mkono wake ndio uliopotea?

Au chukua barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, zilizokuja kuchapishwa kama kitabu, *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*. Mwandishi wake alikuwa karani wa Forodha kwa miaka mingi, mtu aliyejua mizigo ya watu inavyopimwa na kuandikwa. Barua zile zilipita posta kama barua nyingine zote za ndugu kwa ndugu. Zimetufikia kwa sababu mbili: posta ilizifikisha, na mpokeaji alizitunza. Sababu ya pili hatuipi heshima yake. Mzigo haujafika mpaka umepata mtu wa kuutunza.

Na magazeti yetu ya zamani je? *Mambo Leo*, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilijazwa mashairi ya wasomaji. Mtu wa Tanga anauliza fumbo, wa Bagamoyo anajibu, wa Tabora anamkosoa wa Bagamoyo. Ulumbi ule wote ulisafiri ndani ya bahasha. Mashairi yaliyopotea njiani hatuwezi hata kuyahesabu, maana shairi lililopotea halina risiti.

Nasema haya kwa sababu baada ya kidani tulibaki na mzigo wa pili. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtunzi, wa wale waliokuwa wakituma mashairi redioni na magazetini na kukaa wakisubiri wasikie majina yao. Aliacha daftari moja kubwa, jalada gumu, lenye mashairi ambayo mengi hayakuwahi kutoka popote. Lilikuwa kwa mama, kabatini, na mchwa wa Tanga mnawajua. Mimi niko Dar, na nimejitolea kuyachapa. Swali likawa lile lile: litafikaje?

Mdogo wangu alipita tena ofisini, safari hii kwenye ofisi nyingine yenye fomu nzuri zaidi, yenye kisanduku cha thamani. Akampigia mama kutoka dirishani. "Mama, wanauliza daftari la baba ni la shilingi ngapi."

"Waambie halina bei," mama akasema.

"Fomu inataka namba."

Kimya. Halafu mama akasema neno ambalo sijaliona katika sheria yoyote niliyosoma: "Basi kama hawawezi kuliandika, wasilibebe."

Alirudi nalo nyumbani.

Kutokana na safari hizo mbili nimekusanya mambo machache, na nayaweka hapa kwa faida ya atakayeyahitaji. Kabla ya kutuma dhahabu ya urithi, ipeleke kwa sonara, apime, aandike gramu na maelezo, agonge muhuri. Urithi hauna risiti ya dukani, na bima yoyote utakayoikuta itaanza kwa kuuliza risiti. Piga picha kitu, piga picha wakati wa kufunga, piga picha selotepu. Dai uzito uandikwe kwenye risiti, ila usiutegemee kupita kiasi: mizani ya kupimia magunia haioni gramu 31, na mwizi anajua hivyo. Mpokeaji apige picha boksi kabla ya kulifungua, na alifungue pale pale dirishani, kabla ya kutia sahihi, hata kama foleni itaguna. Uliza bima kwa sauti, hata pale unapojua hakuna. Wakiulizwa na watu mia, huenda siku moja wakaweka. Na kama ofisi haina mahali pa kuandika ukweli wa kitu chako, jua kwamba kinasafiri bila jina, na kitu kisicho na jina kikipotea hakijapotea kitu.

Kwa maandishi, sharti ni moja na liko juu ya yote: yanakiliwe kwanza. Mdogo wangu alikaa siku mbili kibarazani na simu yake, akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa, mama akimshikia pembe zisipeperuke. Picha zikanifikia usiku ule ule. Kwa hiyo, kwa namna fulani, mashairi ya baba yalishawasili Dar kabla daftari halijaondoka Tanga. Ningeweza kuchapa kutoka kwenye picha, na kwa kweli nilianza. Lakini kuna kurasa ambazo wino umepenya upande wa pili, na kuna maneno aliyoyafuta na kuandika mengine juu yake, na kujua lililo chini unahitaji kuinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Picha haiinamiki.

Aliyelileta ni shangazi, dada yake baba, aliyekuwa anakuja kliniki ya macho. Alilifunga kwa khanga, akalipakata kutoka Tanga hadi Magufuli pale Mbezi, akakataa katakata kondakta alipotaka kuliweka kwenye keria ya juu. Nilipompokea hakukubali hata kunywa maji kwanza.

"Shikamoo shangazi, pole na safari."

"Marahaba. Kaa hapa. Hesabu kurasa mbele yangu."

"Shangazi, nakuamini."

"Sijakuuliza kama unaniamini. Hesabu."

Nikahesabu. Kurasa 118, mbili zimechanika chini, moja ina doa la chai ambalo shangazi alisema ni la mwaka aliozaliwa mimi. Akaniambia niandike, nikaandika kwenye karatasi ya kawaida: daftari la mashairi la marehemu kaka yake, kurasa 118, limetoka mikononi mwa mjane wake, limebebwa na dada yake, limepokelewa na mwanawe. Tarehe. Nikasoma kwa sauti kwa sababu macho yake hayasomi tena herufi ndogo, ingawa nilikuwa nimeandika kubwa. Akatia sahihi, nami nikatia. Karatasi akaikunja, akaitia kwenye kipochi, ampelekee mama.

Kisha akaomba maji.